Galena, Illinois: mji ulitunzwa, au ulikosa pesa ya kujibomoa?

Binti Pangani (Aurora, Illinois)
Wakuu salaam. Wiki iliyopita nilimpeleka mama Galena, ule mji mdogo wa kona ya kaskazini-magharibi ya Illinois, unakaribia kugusa Iowa na Wisconsin. Mama yuko kwangu mpaka mwisho wa Oktoba na alishachoka kushinda ndani. Tukaondoka Ijumaa, tukarudi Jumapili.

Tulipofika Main Street mama alisimama kimya. Barabara yenyewe ni nyembamba, imejipinda kama upinde, pande zote majengo ya matofali ya ghorofa mbili tatu yameshikana bega kwa bega. Akaniuliza, "Meli ziliacha lini kuja hapa?" Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu meli. Na mto ulioko nyuma ya hayo majengo ni mwembamba, mtoto anarusha jiwe likafika ng'ambo. Nikamuuliza umejuaje? Akanionyesha: maghala makubwa kuliko mji wenyewe, na barabara haikunyooka, imefuata mto. "Watu hawajengi hivi kwa ajili ya mfereji. Hapa palikuwa na bandari. Ni kama kwetu." Kwetu ni Pangani, anayeijua anaelewa.

Kisha akasema neno ambalo bado linanizunguka kichwani: "Mji huu haukutunzwa. Ulikosa pesa ya kujibomoa."

Naomba wanaojua historia waniambie kama ni kweli. Na waliokwenda na wazee waniambie walifanyaje na zile ngazi ndefu za kupanda kilimani, maana nataka kumrudisha majani yakigeuka rangi.

Dereva wa Joliet
Ndiyo ile Galena ya Route 66? Nimepita sana, ina kituo cha zamani cha mafuta.

Mwalimu Odhiambo Jr (Madison)
@Dereva wa Joliet hiyo ni Galena ya Kansas, ndugu yangu. Zote mbili zilichimba risasi, ile metali nzito (lead), si ya bunduki, ndiyo maana zina jina moja. Galena ni jina la jiwe lenyewe linalotoa risasi. Ya Binti Pangani iko kwenye barabara kuu ya 20, kama kilomita 260 kutoka Chicago.

Binti, mpe mama yako heko. Ameona kwa dakika moja jambo lililonichukua safari tatu. Stima za Mississippi zilikuwa zinaingia mto Galena mpaka katikati ya mji. Miaka ya 1830, Chicago ikiwa bado kijiji cha matope, hapa palikuwa na wafanyabiashara, benki na magazeti. Wenyeji hutaja watu 14,000 katikati ya miaka ya 1850. Sensa ya 2020 ilikuta kama 3,300.

Kilichoua ni mchanga. Kuyeyusha risasi kunataka moto, na moto ulitaka kuni. Stima nazo zilikula kuni. Vilima vyote vikakatwa miti, mvua ikashusha udongo, mto ukajaa tope. Kwa hiyo mji uliikata bandari yake kwa shoka lake wenyewe. Ukitazama picha za zamani utaona vilima viko uchi kabisa. Misitu mnayoipiga picha leo imeota upya.

Mama Shiku (Minneapolis)
Mwalimu, wewe ni mtu wa Kisumu, unaitaje meli "stima"? Kwetu stima ni umeme. Nimesoma sentensi yako nikaona nguzo zikielea mtoni.

Mwalimu Odhiambo Jr
@Mama Shiku wazee wa ziwani waliita meli stima kabla KPLC, kampuni ya umeme ya Kenya, haijazaliwa. Muulize babu yeyote wa pale gatini.

Dereva wa Joliet
Nimerekebishwa, asante. Sasa nimekumbuka, ile ya 20 nimewahi kuipita. Baada ya Freeport barabara inaanza kupanda na kushuka kama ya Lushoto. Niliamka! Illinois nzima ni meza ya mahindi halafu ghafla vilima. Kwa nini pale tu?

Mchimba wa Geita (Milwaukee)
@Dereva wa Joliet hapo umegusa fani yangu. Barafu ya kale ilifunika karibu Illinois yote, ikasaga na kusawazisha kila kitu na kumwaga udongo mzito juu yake. Lakini iliikosa kona ile, pamoja na sehemu za Wisconsin, Iowa na Minnesota. Ndiyo maana vilima vimebaki na mito imechimba mabonde marefu. Sehemu ya juu kabisa Illinois iko hukohuko, Charles Mound, mita 376 tu. Msicheke, ndicho kilele chao. Kiko kwenye shamba la mtu binafsi, hufunguliwa wikendi chache za kiangazi.

Na kwa kuwa barafu haikupita, mawe yenye risasi yalikuwa karibu na uso wa ardhi. Wasauk na Wameskwaki, mataifa ya wenyeji wa asili, walichimba na kuuza kabla wachimbaji wazungu hawajajaa. Kisha wakamiminika wachimbaji wa kila aina, na kufikia miaka ya 1840 ukanda ule ulikuwa unatoa sehemu kubwa ya risasi yote ya Marekani.

Mwalimu, hoja ya mchanga ni nzuri lakini si kiini. Mji wa madini hufa madini yakiisha. Risasi ya juu juu ilichotwa, iliyobaki ikawa chini ya maji. Mtu mwenye sururu na ndoo hafiki huko, panataka pampu na mtaji. Hata mto ungebaki na kina, meli zingebeba nini? Nimeona hadithi hii kwa macho yangu kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kanda ya ziwa: dhahabu ikizama chini ya maji, duka la kwanza kufungwa ni la chapati.

Baba Neema (Moline)
Jambo ndugu zangu. Miye ni mtu wa Uvira, tunakaa Moline na familia. Kwetu Galena ni kama saa moja na nusu kwa gari, tunafuata barabara ya 84 kando ya Mississippi. Musipite haraka. Pale Savanna kuna Mississippi Palisades, miamba mirefu juu ya mto, unapanda kidogo unaona visiwa vyote chini. Mara ya kwanza bibi yangu, mama Neema, alilia pale. Alisema amekumbuka ziwa. Tulikaa kambini miaka 17 bila kuona maji mapana.

Watoto niliwapeleka Chestnut Mountain wakati wa theluji, kuteleza. Mlima wenyewe unaangalia Mississippi, mto umeganda pembezoni, katikati unatembea. Neema alianguka mara nane, mara ya tisa akashuka mpaka chini amenyoosha mikono. Akanikuta nalia kama mama yake.

Swali langu moja. Kwenye duka la mawe pale Main Street nilinunua kipande cha hiyo galena. Kidogo kama kiberiti, lakini ukikishika mkono unashuka. Kimejikata chenyewe vipande vya mraba, kinang'aa kama kioo kichafu. Mtoto wa mwisho ana miaka miwili. Ni hatari?

Mchimba wa Geita
@Baba Neema weka juu ya kabati asifike. Risasi ni sumu, na mtoto wa miaka miwili kila kitu anaonja. Ukilishika, nawa mikono. Na umeona vizuri, huo mraba ndiyo alama yake: ukiligonga linapasuka tena kwa pembe zilezile.

Injinia Tabora (Chicago)
Nimesoma mpaka hapa nikashangaa hakuna aliyetaja reli. Mimi ni mtoto wa reli, nimezaliwa kwenye nyumba za shirika. Mji hauuawi na mchanga, unauawa na treni. Kampuni ya kwanza ya reli kutoka Chicago iliitwa Galena and Chicago Union, na treni zake zilianza 1848. Ikafika Galena, ikabeba risasi na mazao moja kwa moja kwenda Chicago, bandari ikakosa kazi. Ni kama Bagamoyo na Dar.

Mwalimu Odhiambo Jr
@Injinia Tabora umekaribia, ila kuna kosa moja. Reli ile ilibeba jina la Galena lakini haikufika Galena, iliishia Freeport. Iliyoingia mjini ni Illinois Central, 1854, na mwaka uliofuata ikasogea mbele mpaka ukingo wa Mississippi mkabala na Dubuque, Iowa. Hapo ndipo pigo lilipo. Mizigo ya Iowa ilivushwa na kupandishwa treni palepale, ikapita Galena bila kushuka.

Injinia Tabora
Nimekubali marekebisho, na yanaipa nguvu hoja yangu. Mji ulio mwisho wa reli unakula. Mji wa katikati ya reli unasikia honi.

Na leo hata honi ya abiria hakuna. Treni ya Amtrak ya Chicago na Dubuque ilikuwa inasimama pale, ikafutwa 1981. Kama huna gari, huendi.

Kijana wa Mwanza (Des Moines)
Nyote mnasahau California. Dhahabu ilionekana 1848, mwaka uliofuata wachimbaji wakaacha mashimo ya Galena wakaenda magharibi. Mji umekimbiwa.

Mchimba wa Geita
@Kijana wa Mwanza walikimbia kweli, ila angalia tarehe. DeSoto House, ile hoteli kubwa, ilifunguliwa 1855. Maghala mengi ya matofali ni ya miaka ileile. Nani anajenga hoteli kwenye mji uliokimbiwa?

Kijana wa Mwanza
Mtu ambaye bado hajajua kwamba amekimbiwa. Nyumbani nimeona hoteli za aina hiyo.

Mama Shiku
Sasa mimi niseme kidogo, kwa sababu kauli ya mama yake Binti imenigusa lakini sikubaliani nayo yote. Mji kukosa pesa hakuutunzi. Mji uliokosa pesa huanguka! Paa likivuja miaka kumi ukuta unafuata. Mume wangu ni fundi wa kurekebisha nyumba za zamani hapa Minneapolis, najua gharama ya dirisha moja la mbao. Galena kuna watu waliofanya kazi. Wasanii na watu wa Chicago walianza kununua zile nyumba zilipokuwa bei ya chini, wakazikarabati. Mwaka 1969 sehemu kubwa ya mji ikaandikishwa kitaifa kama eneo la kihistoria. Leo ukitaka kubadilisha uso wa jengo mle ndani lazima uombe ruhusa kwanza.

Kwa hiyo umaskini ulizuia bomoabomoa, sawa, lakini mikono ndiyo iliyozuia kuanguka. Mama asiwanyime haki yao.

Kuhusu malazi: tulilala nyumba ya wageni moja iliyopendeza sana kwenye picha. Tulipofika, chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi kama za mnara, na bili ikaongezwa ada ya usafi ambayo hatukuambiwa. Mwenye mzee aulize mambo mawili kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na jumla ya mwisho ni ngapi.

Binti Pangani
Mama Shiku, nimemsomea mama. Amesema "huyo amesema kweli," halafu amenyamaza, anafikiria. Kwetu nyumba za mawe zilikosa vyote viwili, pesa na mikono. Kuna ukuta alioingia madrasa akiwa mtoto, sasa mwembe umeota katikati.

Dereva wa Joliet
Rais Grant si alizaliwa pale? Niliona bango.

Mwalimu Odhiambo Jr
@Dereva wa Joliet alizaliwa Ohio. Galena alifika 1860 akiwa karibu miaka 38, ameacha jeshi, ameshindwa kilimo, ameshindwa biashara, akawa karani kwenye duka la ngozi la baba yake, chini ya wadogo zake. Mwaka uliofuata vita ya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, ikaanza, akaondoka na vijana wa pale. Mji ule mdogo ulitoa majenerali tisa. Alirudi Agosti 1865 akiwa jenerali mshindi wa Kaskazini, wenyeji wakampa nyumba ya matofali iliyo kilimani ng'ambo ya mto, na samani zake nyingi bado zimo. Lincoln alishahutubia 1856 kutoka roshani ya DeSoto House.

Mimi kilichonishika si nyumba ya zawadi. Alipofika mara ya kwanza alipanga nyumba juu kilimani, na kila siku alishuka ngazi kwenda kuhudumia wateja wa ngozi. Nilizipanda zile ngazi wakati nimeachishwa kazi, 2020. Nilikaa katikati, nikapumzika, nikapanda tena.

Mama Shiku
Mwalimu, pole. Hilo hukuwahi kulisema humu.

Nyota Njema (Rock Island)
Nimesoma kimya tangu juzi. Mnazungumzia risasi na reli, sijaona mtu anauliza nani alichimba. Illinois iliingia muungano 1818 kama jimbo lisilo na utumwa, lakini 1822 James Johnson wa Kentucky alipewa kibali cha kuchimba pale akaja na watumwa. Kwa hiyo wakati mnasifu matofali, kumbukeni baadhi ya mikono ya kwanza ya mji ule haikulipwa. Nilitembea Main Street nzima nikitafuta jambo hilo limeandikwa wapi. Kama lipo sikuliona.

Na mwingine wa kumjua ni Ely Parker, mhandisi, mtu wa taifa la Seneca, wenyeji wa asili. Serikali ilimtuma Galena kusimamia ujenzi wa jengo la forodha, ambalo mpaka leo ni posta. Palepale akafahamiana na Grant. Tarehe 9 Aprili 1865, Lee, jenerali wa Kusini, aliposalimu amri kwa Grant pale Appomattox, aliyeandika nakala ya mwisho ya masharti kwa mkono wake ni Parker. Nendeni mkaguse ukuta wa ile posta.

Kijana wa Mwanza
Asante Nyota Njema. Swali la wazi: mtu mweusi anapokelewaje? Kaunti ile karibu wote ni wazungu.

Nyota Njema
Mimi niliangaliwa, ila sikusumbuliwa. Dada yangu alikwenda mwezi mwingine akaambiwa na mtu wa duka, kabla hajashika kitu, kwamba vitu vya bei nafuu viko nyuma. Aliweka pochi begani akatoka.

Baba Neema
Miye nilipokelewa vizuri. Pancha, saa mbili usiku, mzee mmoja mkulima akasimama na taa akanishikia mpaka mwisho. Hakuniuliza natoka wapi. Lakini siwezi kusema dada yako amekosea. Yeye alikuwa pale, miye sikuwa.

Dereva wa Joliet
Kuhusu usiku: msiendeshe ile ya 20 gizani mkikimbia, hasa Oktoba na Novemba. Kulungu wanavuka. Ukimwona mmoja, wa pili yuko nyuma yake. Shika breki, usikate usukani. Nimeona gari mtaroni kwa sababu dereva alimkwepa kulungu akauvaa mti.

Injinia Tabora
Nje ya mada kidogo: nimeona mto ule zamani uliitwa Fever River, Mto Homa. Kulikuwa na malaria?

Mwalimu Odhiambo Jr
Kuna wanaosema ni homa kweli, watu waliugua. Kuna wanaosema Wafaransa waliuita kwa neno lao la maharage, *fève*, wasemaji wa Kiingereza wakasikia *fever*, homa.

Mama Shiku
Mto Maharage! Mimi nachagua hiyo.

Mchimba wa Geita
Nyongeza: risasi ilipopungua uchimbaji haukufa wote. Ukanda ule ulichimba zinki mpaka miaka ya 1970. Kwa hiyo hata "kusahauliwa" kuna kipimo chake. Wachimbaji walikuwepo, wakila na kulala pale, ila faida haikubaki mjini ikajenga.

Injinia Tabora
Hiyo "haikubaki mjini" ndiyo reli hiyo, mkuu. Bado niko palepale.

Mchimba wa Geita
Na mimi niko palepale, chini ya maji.

Mama Shiku
Ninyi wawili mkutane Galena mkamalizane. Ila msiende katikati ya wiki, sisi Jumanne tulikuta migahawa mingi imefungwa tukala biskuti. Na wikendi ya pili ya Oktoba kuna maonyesho yao pale Grant Park, vyumba hujaa mapema.

Binti Pangani
Nawashukuru wote. Kwa wenye wazee, mpango wangu ni huu: gari nitalipaki chini, mama atembee Main Street tu, ni tambarare. Ngazi za kwenda Bench Street na Prospect hazigusi. Nitamzungusha juu kwa gari aone mapaa na minara ya makanisa kutoka kule. Halafu tuvuke daraja la miguu kwenda bustanini ng'ambo, kuna mabenchi yanayoangalia mji.

Nimemsomea hoja zenu zote: mchanga, reli, maji, California, mafundi, na mikono isiyolipwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Hiyo ya mwisho aliniomba niirudie. Kisha akauliza kuhusu ile milango mikubwa ya chuma tuliyopita tukiingia Main Street. Nikamwambia ni ya kuzuia mafuriko, mto ukijaa wanaifunga. Akasema, "Kumbe bado wanauogopa." Ameniagiza niwaulize: tangu lini mtu wa mwisho alishusha mzigo pale gatini?

Mwalimu Odhiambo Jr
Binti, swali hilo nitalipeleka kwenye jumba lao la makumbusho mimi mwenyewe. Tarehe ngapi mnakwenda?

Binti Pangani
Wikendi ya tatu ya Oktoba. Nimepata chumba cha chini kabisa, nimeuliza mara mbili, na jumla nimeandikiwa.

Baba Neema
Sisi pia tutakuja, kama mama anakubali. Bibi yangu anataka kumwona mtu wa baharini.

Binti Pangani
Amekubali kabla sijamaliza kusoma. Jumapili saa nne asubuhi, darajani. Analeta kashata.